Maji ya nyuzi 82 yanamwagwa mferejini usiku na mchana. Naweza kuyatolea umeme?

#1 Soketi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kiwandani ninapofanya kazi (mimi ni mtu wa umeme, mambo ya mvuke nayasikia tu kwa jirani) kuna bomba nyuma ya jengo linamwaga maji ya moto mferejini. Zamu ya mchana linamwaga, zamu ya usiku linamwaga. Ukipita pale alfajiri kuna ukungu utadhani mtu anachemsha ziwa. Juzi niliazima kipimajoto nikakishika mdomoni mwa bomba, kikasoma nyuzi 82. Nikarudi baada ya masaa manne, 81.

Tangu siku hiyo silali, nasoma. Nimeona kuna mitambo inayofua umeme kwa maji ambayo hata hayajafika kuchemka, wanatumia gesi za friji. Nimeona pia vile vigae vya Peltier, ukikipasha upande mmoja na kukipoza upande wa pili kinatoa umeme bila kitu chochote kuzunguka. Hesabu yangu ya haraka haraka: maji mengi, joto jingi, nikipata kilowati 30 tu nawasha taa zote za ghala na feni za ofisini, bosi ananichongea sanamu getini.

Inawezekana au najidanganya? Kama inawezekana, niende na vigae au na injini ya gesi? Na kama ni rahisi hivyo, mbona kila kiwanda kinamwaga tu?

Nawasilisha.

#2 Chura Kimya

Nimekaa kiti cha mbele. Wenye nondo zao washushe.

#3 Mbishi wa Zamu

Haiwezekani. Maji ya nyuzi 82 hayachemki. Yasiyochemka hayatoi mvuke wenye presha. Pasipo mvuke hapana turbini. Mods fungeni uzi tukalale.

#4 Nyuzi Mia

Mbishi, umesema kweli nusu. Maji hayachemki kwa nyuzi 82. Sasa nani kakwambia lazima kichemke maji? Pentani inachemka kwa nyuzi 36. Ile gesi ya R245fa inachemka kwa 15. Isobutani, ndugu yake gesi ya kupikia, inachemka kwa nyuzi 12 chini ya sifuri. Pitisha maji ya Soketi upande mmoja wa bati na pentani upande wa pili: pentani itachemka, itajaa presha, itasukuma turbini, halafu unaipoza inarudi kuwa kimiminika, pampu inaisukuma tena kwenye bati, mchezo unaanza upya. Ni mzunguko ule ule wa Rankine wa mitambo ya mvuke, kilichobadilika ni kinywaji.

Na si habari ya jana. Mwaka 1967, Paratunka, kwenye rasi ya Kamchatka, Wasovieti waliwasha mtambo wa kilowati 680 kwa maji ya ardhini ya nyuzi 81. Soketi, bomba lako limewazidi kwa nyuzi moja. Mwaka 2006 watu wa Chena Hot Springs, Alaska, wakashuka zaidi: maji ya nyuzi 74, mashine za kilowati 200 hivi kila moja, tena zilizaliwa kutoka kwenye mashine za kupoozea majengo makubwa zikageuzwa zizunguke kinyumenyume. Kwa hiyo neno "haiwezekani" tuliweke kando.

Tatizo linaanzia kwenye kiasi. Mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alilimaliza suala hili mwaka 1824, hata balbu haijaota ndoto. Chukua halijoto ya upande wa baridi, igawanye kwa ya upande wa moto, zote kwa kelvini (nyuzi ujumlishe 273), jibu litoe kwenye moja. Upande wako wa moto ni nyuzi 82, yaani kelvini 355. Upande wa baridi tuseme nyuzi 27, kelvini 300. Unapata asilimia 15 na nusu. Hiyo ndiyo dari ya joto linaloweza kugeuka umeme, na hakuna fundi duniani atakayeitoboa.

Sasa angalia dari inavyoshuka. Maji yako hayabaki kwenye 82, kila yakitoa joto yanapoa. Ukiyatumia mpaka 62, wastani wake ni 72, dari imeshuka kwenye 13. Joto halivuki bati bila tofauti ya nyuzi kadhaa, kwa hiyo kinywaji chako kinachemka kwenye nyuzi 60 na kitu, na upande wa pili hakipoi mpaka 27, kinaishia 35 au 36. Dari sasa ni 8. Turbini nayo ina makosa yake, jenereta ina yake. Mkononi unabakiwa na 5, 6, ukijitahidi sana 7.

Halafu kuna jambo watu hawaliangalii. Ongeza nyuzi 10 upande wa moto, dari inapanda kutoka 15.5 mpaka 17.8. Punguza nyuzi 10 upande wa baridi, inapanda mpaka 18.3. Upande wa baridi unalipa zaidi! Pale Chena wanasifiwa kwa maji ya moto, lakini walichonacho cha maana ni maji ya kupoozea ya nyuzi 4 hivi. Ndiyo maana wakaambulia asilimia 8 kwa maji ambayo wewe ungeyaita vuguvugu.

#5 Mbishi wa Zamu

Asilimia 6?? Yaani kwenye mia unakula sita, 94 unatupa? Hiyo si mashine mkuu, hiyo ni harusi.

#6 Nyuzi Mia

😂😂 Hiyo 94 ulikuwa unaitupa yote hata kabla ya mashine kuja, kwa hiyo ufanisi wenyewe usikunyime usingizi. Joto hulinunui. Kinachouma ni ukubwa wa vyombo.

Fikiria hivi. Ili upate kilowati moja ya umeme kwa ufanisi wa 6, lazima upitishe karibu kilowati 17 za joto kwenye bati la moto, na kilowati karibu 16 uzitoe nje kwenye bati la baridi. Mtambo mkubwa wa mvuke wenye ufanisi wa 40 unaingiza mbili na nusu, unatupa moja na nusu. Yaani kwa kila kilowati ya umeme wewe unahitaji upoozaji mara kumi ya wenzako. Tena mabati yako yanafanya kazi kwa tofauti ndogo ya nyuzi, na joto linalosukumwa kidogo linataka bati kubwa. Ukiona picha za mitambo hii, ile turbini utaitafuta kwa tochi. Kinachoonekana ni mabati, mabomba na feni.

Na feni zinakula umeme. Pampu zinakula umeme. Mwaka 1930 Mfaransa Georges Claude alijaribu kule Matanzas, Cuba, kutumia tofauti ya joto kati ya maji ya juu ya bahari na ya chini kabisa. Mtambo ulitoa kilowati 22, pampu zikala zaidi ya hizo. Mtu yeyote akikutajia kilowati za mtambo wa namna hii, swali lako la kwanza: kabla ya pampu kula au baada?

#7 Soketi

Aisee. Nimesoma mara mbili. Na vile vigae vya Peltier? Maana vile havina pampu.

#8 Kiraka

Hapo kwenye vigae niachieni mimi, nina makovu.

Nilinunua vigae 12 vya kawaida, vile vya sentimita 4 kwa 4. Hivyo kwa kweli vimetengenezwa kupooza, si kufua, ila vinakubali. Kigae kimoja kinatoa kama voti 0.05 kwa kila nyuzi moja ya tofauti, na upinzani wake wa ndani ni kama omu 2. Maji yangu yalikuwa nyuzi 85, upande wa pili nikaweka sinki la alumini (yale mapezi ya kutolea joto) lenye feni ya kompyuta. Kwenye makaratasi tofauti ni nyuzi 55. Nilipochomeka vipimajoto kwenye nyuso za kigae chenyewe, tofauti halisi ilikuwa 40. Hizo 15 zilipotelea kwenye grisi, kwenye alumini na kwenye hewa.

Nyuzi 40 mara 0.05 ni voti 2. Ukiufunga mzigo unaolingana na upinzani wa ndani, unapata nusu ya voti hizo na ampea nusu. Nusu wati. Kigae kizima, nusu wati! Vyote 12 vikanipa wati 6 na ile feni ikawa inakunywa 2.

Sasa wewe unataka kilowati. Kilowati moja ni vigae elfu mbili. Na ukisikia mtu anasema "ongeza moto", vingi vya bei ya chini vimeunganishwa kwa lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 138. Nilipoteza vitatu hivyo, vilinyamaza tu, hata moshi havikutoa.

Sisemi havina kazi. Kihisio kilichobandikwa kwenye bomba la moto mahali pasipofika waya, kinatuma taarifa kidogo kila dakika, hapo kigae kimoja ni mfalme. Jambo lenyewe mwanafizikia Seebeck aliliona mwaka 1821 na mpaka leo wanalitumia palepale penye watiwati. Taa za ghala usahau.

#9 Chura Kimya

Na zile injini za Stirling zinazozunguka juu ya kikombe cha maji ya moto? Nimeziona mtandaoni, tamu kuangalia.

#10 Kiraka

Ni tamu kuangalia, umemaliza. Ile inajizungusha yenyewe tu. Kabandike jenereta uone inavyosimama.

#11 Pistoni

Nimechelewa, nilikuwa zamu. Mimi nimeufanyia kazi mtambo wa gesi wa aina hiyo, acha niwape ya jikoni.

Tulikuwa na injini kubwa ya dizeli inazunguka saa 24. Maji yanayopooza silinda yanatoka nyuzi 90. Tukaunda mtambo mdogo wenyewe: kompresa ya skroli ya kiyoyozi tukaigeuza, badala ya kusukuma gesi ikawa inasukumwa. Tukajaza R245fa. Mabati mawili ya kubadilishana joto, tangi la kimiminika, pampu. Matarajio yalikuwa kilowati 5.

Siku ya kwanza ikawaka, geji zikapanda, taa za majaribio zikang'aa. Watu wakapiga picha. Baada ya dakika tisa pampu ikaanza sauti, kama mtu anakoroga kokoto ndani ya debe. Presha ikaanguka, skroli ikasimama. Tukasubiri, tukawasha tena, dakika saba. Tukawasha tena, tano.

Wiki mbili tukailaumu pampu. Tukabadilisha, mpya nayo ikaimba wimbo uleule. Mwishowe mzee mmoja wa friji akaja, hakugusa hata spana. Akapitisha mkono kwenye bomba la kuingilia pampu, akaangalia tangi, akauliza: "Hili tangi mbona liko sakafuni?"

Kosa lilikuwa hapo. Kimiminika kinapotoka kwenye kupoozwa kiko ukingoni kabisa mwa kuchemka. Pampu ikikivuta kidogo tu, presha inashuka na kinachemka palepale mlangoni. Pampu inatafuna mapovu badala ya kusukuma kimiminika. Mapovu yakifika penye presha yanapasuka, na yakipasuka yanang'oa chuma. Tuliifungua ile pampu ya kwanza, gia zake zilikuwa na vishimo kama uso wa tetekuwanga.

Dawa yake haikuwa kifaa chochote. Tulilipandisha tangi mita 1 na nusu na kitu juu ya pampu. Ule urefu wa kimiminika unaongeza presha ya baa 0.2 hivi mlangoni, na kwa gesi ile ni sawa na kuipoza nyuzi tatu zaidi. Nyuzi tatu tu! Sauti ikakatika siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ulifanya kazi vizuri. Asubuhi kukiwa na ubaridi tulipata kilowati 4 na pointi, mchana jua likiwaka tunashuka mpaka chini ya 3. Injini ni ileile, maji ni yaleyale ya 90. Kilichobadilika ni hewa ya kupoozea. Hapo Nyuzi Mia kasema kweli tupu.

La mwisho, gesi yenyewe. R245fa kilo moja ikivuja inapasha dunia joto mara mia kadhaa zaidi ya kilo ya kaboni dioksaidi, na inapunguzwa taratibu chini ya makubaliano ya Kigali ya 2016. Wanaojenga sasa wanahamia R1233zd, ambayo haina balaa hilo. Pentani nayo haina shida hiyo ila inawaka kama petroli. Kila kinywaji kina hangova yake.

#12 Mama Geji

Nimewasoma wote, nawapongeza, mna akili. Ila hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtoto swali la kwanza.

Soketi mwanangu, hayo maji yanatoka wapi?

#13 Soketi

Shikamoo mama. Yanatoka chini ya mashine za kukaushia. Kuna vidude vya chuma kama vichungu vidogo, kila baada ya muda vinapiga "tss… tss…", halafu kibomba chembamba. Vibomba vyote vinaungana kuwa hilo bomba la nyuma.

#14 Mama Geji

Marahaba.

Hivyo vichungu ni mitego ya mvuke. Mvuke unaingia kwenye mashine, unatoa joto lake, unageuka maji, mtego unayaachia maji na kuuzuia mvuke. Kwa maneno mengine, mnachomwaga mferejini ni kondensati. Hayo ni maji ya boila, mwanangu. Yameshachujwa, yameshaondolewa chumvi, yameshawekewa dawa, yameshachemshwa kwa mafuta mliyoyanunua. Ni masafi kuliko maji ya kunywa. Halafu mnayamwaga, na upande wa pili wa ukuta mtu wa boila anafungua maji mapya ya baridi ayachemshe upya.

Nimeendesha boila miaka 26. Hakuna kitu kinachonikera kama ukungu wa alfajiri nyuma ya kiwanda. Wageni huwa wanaupiga picha.

Kabla hatujaendelea, chukua ndoo ya lita 20, itege kwenye bomba, hesabu sekunde. Vaa glavu. Ukiungua usinitaje.

#15 Mbishi wa Zamu

Mimi nilisema haiwezekani 😎

#16 Nyuzi Mia

Wewe ulisema haichemki.

#17 Soketi

Nimerudi. Nimepima mara tano, ndoo inajaa kwa sekunde 40, mara moja 43. Mlinzi alikuja kuuliza naiba nini.

#18 Nyuzi Mia

Safi. Lita 20 kwa sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde. Kila kilo ya maji ikipoa nyuzi moja inatoa kilojuli 4.19. Tuanze na ndoto yako ya umeme: kutoka 82 mpaka 62 ni nyuzi 20, mara 4.19, mara nusu. Kilowati 42 za joto. Asilimia 6 yake ni kilowati 2 na nusu. Toa pampu, toa feni, umebaki na kama 1.8. Ile sanamu ya getini itakuwa ya udongo.

Sasa njia ya Mama Geji. Maji mapya yanaingia kwenye boila na nyuzi ngapi? Tuseme 24. Ukirudisha ya kwako ya 82, kila kilo umeiokolea nyuzi 58. Mara 4.19, mara nusu, ni kilowati 121. Na boila lenyewe halibadilishi mafuta yote kuwa joto. Likiwa na ufanisi wa 80, hizo 121 ni kilowati 150 za mafuta ambayo hayachomwi.

Angalia hizo namba mbili zikiwa zimekaa pamoja: 1.8 na 150. Maji ni yaleyale, bomba ni lilelile.

Najua umeme na joto si bidhaa moja, kilowati ya umeme ina thamani kubwa kuliko ya joto. Hata ukiipa uzito wa mara tatu, mara nne, bado haijasogea popote.

#19 Mama Geji

Na hujahesabu maji yenyewe. Nusu lita kwa sekunde ni tani 1.8 kwa saa za maji yaliyotibiwa. Na tangi la kulishia boila likiwa la moto, oksijeni inayoyeyuka ndani yake ni kidogo, dawa ya kuzuia kutu inapungua, bomba za boila zinaishi zaidi. Hata kutoa matope chini ya boila kunapungua kwa sababu chumvi inayoingia ni kidogo.

Tahadhari zipo. Kama mashine mojawapo imetoboka ndani, kondensati itarudi na uchafu wa bidhaa na itaharibu boila zima. Weka kipimo cha chumvi kwenye bomba la kurudi, kikipanda vali inamwaga nje yenyewe. Na maji haya yana tabia ya ukali kidogo, hewa ya kaboni ikiyeyuka ndani yake yanakula bomba la chuma kwa chini, kama mstari uliochorwa na kisu. Angalia bomba lenu la zamani kabla ya kuliamini.

#20 Chura Kimya

Mama heshima yako. Sasa swali, basi huo umeme wa joto dogo ni wa nani? Maana mnaupiga chini kama vile hauna faida kabisa, na wakati huohuo kuna watu wanajenga.

#21 Pistoni

Ni wa mtu ambaye joto lake halina pa kurudi. Injini yangu haikuwa na boila jirani, hapakuwa na mtu wa kuoga, hapakuwa na cha kukausha. Joto linatoka saa 24, haliyumbi. Meli nazo ziko hivyo: injini inatoa maji ya nyuzi 80 na kitu mfululizo, na bahari nzima iko pembeni ya kupoozea, nani atakupa upande wa baridi mzuri kuliko huo? Visima vya joto la ardhi hivyohivyo, ukishatenganisha mvuke wa kwanza, maji yanayobaki bado yana moto, na unayarudisha chini tu.

Kama joto linakuja masaa sita kwa siku, au linakuja na kukatika, usiguse. Vyombo vitakaa vinakungoja.

#22 Nyuzi Mia

Niongeze mfano mmoja maana watu wengi wanautafuta umeme ili wakawashe viyoyozi. Kuna mashine za kupooza zinazoendeshwa na joto lenyewe, zile zinazotumia chumvi ya lithiamu bromaidi. Maji ya nyuzi 80 mpaka 90 yanazitosha. Kwa kila kilowati ya joto zinakupa kama 0.7 ya ubaridi. Zile kilowati 42 za Soketi zingempa ubaridi wa 29. Akipitia umeme: 1.8, mara nne za kiyoyozi kizuri, ni 7. Yaani umetoka kwenye joto, ukaenda kwenye umeme, ukarudi kwenye joto, na kila mlango umetozwa ushuru.

Kwa hiyo utaratibu wangu mimi ni huu: kwanza natafuta kama joto linaweza kurudi lilikotoka. Halafu kama kuna jirani analihitaji hivyo lilivyo. Halafu ubaridi. Umeme unakuja wa nne, na hapo bado namuuliza mtu wa upande wa baridi kabla ya kumuuliza wa turbini.

#23 Kiraka

Wa tano vigae vyangu 😂 Nina tisa vizima, anayetaka aje DM.

#24 Soketi

Wakuu, siku 19 zimepita, samahani kwa ukimya. Nina habari.

Nilipeleka hesabu kwa mkuu wa ufundi. Nilidhani atashangaa. Akacheka, akanipeleka chumba cha nyuma ya boila. Kule kuna tangi la kondensati! Lipo tangu kiwanda kinajengwa, limefunikwa na maboksi. Na bomba la kurudi lipo, limekatwa na kuzibwa. Anasema walilitumia miaka miwili, pampu ikawa inakufa kila baada ya miezi mitatu, wakachoka, wakageuza bomba mferejini "kwa muda". Huo muda una miaka 11.

Pampu ya mwisho bado iko pale pembeni. Niliifungua jana. Lile gurudumu la ndani limeliwa, vishimo kila mahali, pengine limetoboka kabisa mpaka kidole kinapita. Pistoni, ile picha yako ya tetekuwanga ndiyo hii hii.

Nikamuuliza fundi wa zamani ilikuwa inalia vipi. Akasema: "Kama kokoto."

#25 Pistoni

Weeeee. Ndani ya tangi maji yalikuwa nyuzi ngapi?

#26 Soketi

Anakumbuka 94, 95. Yanapoa njiani ndiyo maana mimi nilisoma 82 kule nje. Bomba lote halina hata kipande cha sufi cha kuzuia joto.

#27 Mama Geji

Tangi liko juu ya pampu kwa kiasi gani?

#28 Soketi

Vyote viko sakafuni mama. Vimekaa pamoja kama mapacha.

#29 Mama Geji

Haya. Dari ya hicho chumba ni mita ngapi? Chukua futi kamba ukapime, na uangalie kama ukuta unaweza kubeba tangi likiwa limejaa. Usipime likiwa tupu halafu ukaja kuniambia linafaa.

#30 Soketi

Mita 4 na sentimita 20. Ukuta ni wa zege. Naenda kutafuta ngazi.